Wimbo wa Hori

Asubuhi ile tulikuwa tunanywesha mbuzi kwenye kisima cha Lokwawi, mbali kidogo na Kakuma, laga, ule mto wa msimu, imekauka hadi mchanga wa chini. Ni miaka ya tisini. Mimi nilikuwa chini kabisa ya kisima, miguu ndani ya maji. Mke mwenzangu Nawoi alisimama katikati, kwenye kidato tulichochimba ukutani. Juu alikuwa binti yangu Akiru, akimimina maji kwenye hori la mbuzi. Bakuli linapanda, bakuli linashuka, na lazima muimbe, la sivyo mikono inapotezana.

Akiru alikuwa ametoka Lodwar kusoma kwa masista, akabatizwa huko. Alikuja na wimbo wake. Mimi wa chini niulize, "Mtoto amelala wapi?" Yeye wa juu ajibu, "Horini, pa mbuzi."

"Huyo Yesu wako," Nawoi akamwambia, "akilala horini, mbuzi wa watu wanywe wapi?"

"Alikuwa mdogo, mama. Walimsogeza."

"Na yeye ana mbuzi wangapi?"

"Hana. Ni mchungaji tu."

"Mchungaji bila mbuzi! Huyo ni mwizi wa mbuzi."

Tulicheka mpaka bakuli likanitoka mkononi. Mimi sikuwa nimebatizwa. Wimbo niliupenda kwa sababu ya furaha ya binti yangu.

Nikauliza tena, "Mtoto amelala wapi?"

Kimya.

Mchanga ukaniangukia machoni. Nikasikia mbuzi wakikimbia, halafu risasi.

Nawoi akaruka chini, akanibana ukutani, kiganja chake kinywani mwangu.

"Usipande. Maadui."

Ukiwa kisimani vita huvioni. Unaona mbingu ndogo ya duara, na vumbi likipita. Kengele ya beberu wetu Lokori nilisikia ikienda, ikienda, mpaka ikaisha.

Tulipopanda, Akiru alikuwa kando ya hori, amekufa. Hori lilikuwa limejaa maji. Hakuna mbuzi wa kuyanywa.

Tulimfunika kwa mawe. Nikavua shanga zote za shingo, kama mama aliyefiwa anavyofanya.

Bila mifugo huna nyumba. Mimi na Nawoi tukahamia Kakuma, tukawa tunauza kuni kwa wakimbizi. Huko nikajuana na Nyandeng, mama kutoka Sudani, mnunuzi wangu. Wanawe Deng na Majok walifia njiani wakikimbia vita vyao. Lakini Jumapili ungemsikia katika kanisa lao la udongo, akiimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi ilinikasirisha. Siku moja nikamwuliza, "Wewe unafurahia nini?"

"Kulia najua, ya mama," akasema, akiniita kwa Kiarabu cha kwao. "Ningoje machozi yaishe ndiyo niimbe? Hayaishi."

Nikachukua kuni zangu nikaenda.

Halafu mabomba ya kambi yakakauka. Nyandeng akaja na mtungi wake kwenye kisima changu cha laga. Watu wetu walinung'unika, lakini nilishuka, yeye akabaki juu kupokea. Mikono ikapotezana, maji yakamwagika bure.

"Imba basi, ya mama!" akanipigia kelele.

Wimbo uliokuja ni ule mmoja tu. Nikamfundisha jibu. Nikauliza, "Mtoto amelala wapi?"

Nikangoja. Niliangalia ile mbingu ya duara.

"Horini, pa mbuzi!" Kiturkana chake kilikuwa kibovu, na kwa bidii ya kuimba akainamisha bakuli lote, likanimwagikia kichwani.

"Ya mama, samahani! Nimekubatiza!"

Nikacheka. Tangu kisima cha Lokwawi nilikuwa sijacheka. Nikacheka na kulia pale chini, na yeye juu vilevile, na wenye mitungi wakatuona wendawazimu. Ndipo nikajua furaha ya Akiru haikuwa ya kitoto.

Baadaye padri alinibatiza sawasawa. Shanga nilirudisha shingoni chache.

Sasa naishi Kanamkemer, hapa Lodwar, na kuandika nimejifunza kwenye gumbaru, masomo ya watu wazima, uzeeni. Nawoi amekufa. Nyandeng alirudi kwao, sijui kama yuko hai. Kila Krismasi wanawake wa kanisa letu huimba wimbo ule, vigelegele hadi nje, nami nafurahi kweli kweli. Ila jibu siliimbi mimi. Lilikuwa la Akiru. Mimi huuliza tu, kisha nangoja.