Karani Aliyekuja Kuniona Mgonjwa

Nichekeni tu, wenzangu. Nilitoka Nyasaland kusomea ushonaji Iringa. Nilipohitimu, sheria iliniruhusu mimi mgeni kuajiriwa tu; kujiajiri mpaka nipate leseni ya boma, ofisi ya serikali. Niliiomba, ikachelewa, nikaanza kushona kwa siri chumbani kwangu mtaa wa Mlandege.

Asubuhi moja karani wa boma akapiga hodi. Nikasukuma cherehani chini ya kitanda, nikajifunika blanketi mpaka kidevuni.

“Naumwa, mzee.”

“Pole, mwanangu.” Akaketi kitandani, akaniombea hadi nikaona haya. Kisha akanigusa shingoni apime homa. Mkono wake ukakuta futi ya kupimia nguo, ningali nimeivaa.

Akaivua taratibu, akaikunja vizuri.

“Leseni yako imetoka, nimekuletea. Ukipona, nipime suruali.”