Nani Aliuma Nani

Juzi kwa ofisi ya chifu Kathonzweni, tulikuwa tunasukumana kwa laini, kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Mama wa mbele alishtaki jirani amemuuma kidole gumba. Karani akapiga taipu kwa Kiingereza, akamwambia aweke kidole kwa wino. Mwalimu mmoja wa kike akachungulia.

"Ngoja, mama! Hapa jina lako limewekwa mbele ya la jirani, kwa hivyo wewe ndio umemuuma."

"Mimi? Na kidole yenyewe si ndio hii imefungwa kitambaa!"

"Kwa Kiingereza, mwenye kukaa mbele ndiye ametenda. Wa nyuma ametendwa."

Karani akachomoa karatasi, akaanza upya. Nilicheka mpaka leso ikaanguka. Kugeuka, laini yote imerudi nyuma: "Tangulia wewe." "Aka, wewe!"