Bushi Niliyosema Nimeiweka Mimi

Kabla ya uhuru nilikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa Mbeya, mtu ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani. Nilimwendesha miaka mitano. Gari lake lilikuwa jeusi, la Kiingereza, la kabla ya vita, na ukiliona kwa mbali lilikuwa bado na heshima yake. Ubaya wake ulikuwa usukani. Uliweza kuuzungusha karibu robo nzima na magurudumu hayajasikia kitu.

Fundi wetu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwenye karakana ya mabati pale Iyunga. Yeye ndiye aliyenifundisha udereva. Na wazee wao waliposita kunipa binti kwa sababu mimi ni wa kabila jingine, yeye ndiye aliyesimama akanisemea. Kwangu alikuwa zaidi ya shemeji.

Alilala chini ya gari, akaniambia niuchezeshe usukani, kisha akatoka akijifuta mikono. “Bushi imekwisha,” alisema. Hiyo ni pete ya shaba inayoushika mhimili wa usukani ndani ya boksi lake, usiyumbe. Tajiri aliagiza mpya kutoka Dar es Salaam. Ilikuja baada ya wiki nyingi, imezungushiwa karatasi yenye mafuta, inang'aa kama pete ya bibi harusi.

Siku hiyohiyo nilipata habari kwamba baba yangu mdogo amefariki Tukuyu. Nilikuwa nimepanga kusaidia kuifunga, maana kazi hiyo nilishaijua. Shemeji alinichukulia kile kifurushi mkononi.

“Nenda kazike, shemeji. Hii niachie mimi.”

Niliporudi baada ya siku nne nililiendesha gari hadi Ilomba na kurudi. Usukani ulikuwa umekaza vizuri. Nilimshukuru mbele ya watu.

Wiki tatu baadaye tajiri alinituma nimpeleke mama yake Iringa, ambako binti wa huyo mama alikuwa amejifungua. Tulimwita Bi Mkubwa. Alikaa kiti cha nyuma na kikapu cha nguo za mtoto, akawa ananiuliza kila mji tunaopita unaitwaje. Tulitoka alfajiri. Tulipofika Makambako nilisikia usukani umeanza kucheza, kidogo tu, nikajiambia ni barabara, maana vumbi na mawe yalikuwa mengi. Nilipunguza mwendo. Tulipoipita Mafinga ulikuwa unacheza kuliko hata zamani, na nilikuwa natafuta mahali pa kusimama nilipoona lori la magogo linapanda mteremko tunaoushuka.

Nilikata kushoto. Usukani ulizunguka mikononi mwangu na gari likaendelea moja kwa moja. Nilizidi kuzungusha, nikakanyaga breki, na magurudumu yaliposikia yalisikia yote kwa mara moja. Tulitumbukia kwenye mtaro, lori likapita.

Bi Mkubwa alikuwa amelalia mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, ukining'inia vibaya. Hakulia. Alisema, “Niokotee ushungi wangu, mwanangu, watu wanakuja.” Watu wa lori walituchukua hadi hospitali ya Iringa, na gari likavutwa kesho yake.

Nilimpelekea tajiri simu ya maandishi kwamba usukani ulikataa, naye akafika kwa basi siku ya tatu. Kwanza alikaa na mama yake. Kisha alitoka nje kwenye ukuta wa hospitali nilipokuwa nimesimama.

“Ile bushi mpya aliiweka nani?” aliuliza.

Siku zote tatu nilikuwa nimelifikiria swali hilo. Nilifikiri shemeji amekosea kufunga, kama fundi yeyote anavyoweza kukosea. Nilifikiria karakana yake na watoto wake sita. Tajiri akienda polisi, shemeji angekwisha. Lakini mimi tajiri ananijua, nilijiambia, miaka mitano sijamkwaruzia hata mlango. Atanigombeza, atanisamehe.

“Niliiweka mimi, tajiri.”

Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa habari za msiba.

“Jana kabla sijapanda basi nilipita Iyunga,” alisema. “Nikamuuliza shemeji yako. Akaniambia ulimkataza asiguse, ukasema utaiweka mwenyewe ukirudi msibani. Nikambishia. Nikamwambia dereva wangu hawezi kufanya hivyo.” Alitazama chini. “Kumbe amesema kweli.”

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekwisha kumthibitisha. Kama ningesema sasa ni shemeji, ningeonekana mwongo mara mbili.

Tajiri aliniomba kitu kimoja, kisha kazi yangu kwake imekwisha: nilitengeneze gari, nikabidhi funguo kwa dereva atakayemtuma. Fundi mmoja Mhehe aliniazima jiliwa la kubania vyuma na spana, akanionyesha kona ya kufanyia kazi. Nilimwaga mafuta ya boksi, nikafungua mkono wa usukani, nikauvuta mhimili. Bushi ndani ilikuwa ileile ya zamani, imeliwa upande mmoja. Kati yake na mhimili kulikuwa na kipande cha bati la kopo la sigara, kimekatwa kwa mkasi na kuviringishwa ili kuziba nafasi. Kilikuwa kimechanikachanika, na vipande vyake vilikuwa vimezama kwenye mafuta.

Nilikaa chini. Yule fundi alikuja akachungulia. “Nani kafanya hivi?” aliuliza. Nililiokota lile bati nikalitia mfukoni. Naye, kwa adabu, akarudi kwenye kazi yake.

Alinipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma, akanikerezea bushi nyingine kutoka kipande cha shaba. Niliibana taratibu kwenye jiliwa mpaka ikaingia mahali pake, nikaisugua ndani mpaka mhimili ukateleza bila kuyumba, nikarudisha kila kitu na kujaza mafuta. Nilifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Sijui nilikuwa namwonyesha nani.

Dereva aliyetumwa kulichukua gari alikuwa shemeji.

Alishuka kwenye basi akiwa na shati jeupe. Nilimngoja aingie garini ndipo nikamwekea lile bati mapajani. Aliliangalia.

“Mzungu mmoja wa shamba la kahawa ana gari kama hili,” alisema. “Alikuwa ameahidi kuniletea magari yake yote. Nikampa ile mpya. Nilitaka kuagiza nyingine nikubadilishie, wewe usijue.”

“Bi Mkubwa kavunjika mkono.”

“Najua.”

“Basi kamwambie tajiri.”

“Ulishasema ni wewe, shemeji. Mimi nitamwambia nini tena?” Akauzungusha usukani kushoto na kulia. “Umeifunga vizuri,” akasema, na akaliwasha.

Nilirudi Mbeya kwa miguu yangu na kwa malori ya watu. Nilimweleza mke wangu yote, tangu mwanzo. Alisikiliza huku anachambua mchele, na nilipomaliza akaniomba nisiwaambie wazazi wake wala mtu yeyote.

“Yule ndiye kaka yangu mkubwa,” alisema. “Siku ukinifukuza nitarudi kwa nani?”

Nilimwuliza lini nimewahi kutaja kumfukuza. Akaendelea kuchambua mchele. Maneno yake yaliniuma kuliko lile bati, kwa sababu nilielewa kwamba miaka yote tuliyoishi pamoja alikuwa ameweka mlango wazi nyuma yake, na mlango wenyewe ulikuwa nyumba ya kaka yake.

Nikanyamaza, kama alivyotaka. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, akanifuata baada ya mavuno pamoja na watoto, na tukazeeka huko. Tajiri sikumwona tena. Nilisikia kwamba mkono wa Bi Mkubwa uliunga ukiwa umepinda kidogo, na kwamba alikuwa akiwaambia wageni wake dereva yule alikuwa kijana mwema, ila hakutaka kumwachia fundi kazi yake.