Mtu wa Reki

Mtunza bustani wa hapa kando ya mto hutoka kwenye tuta la maua kinyumenyume, akifuta nyayo zake kwa reki hatua kwa hatua, mpaka udongo unabaki laini kana kwamba waridi zimejipanda zenyewe. Bustani hii imewazidi umri babu zetu, naye huishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Ua wa michongoma huukata kwa kukadiria kwa macho tu, bila kamba ya kunyooshea; kisha huinama, hufumba jicho moja na kuguna. Akiguna mara mbili, basi kuna jani limemkosea adabu.

Jumamosi iliyopita walikuja maharusi kupiga picha. Mpiga picha akamwambia, "Mzee, tupishe kidogo, unatuharibia mandhari." Nilikasirika mimi niliyekaa kwenye benchi. Yeye alisema tu, "Haya, mwanangu," akarudi nyuma taratibu, akifuta nyayo zake kama kawaida. Alipofika njiani aliegemea reki, akafumba jicho moja, akawatazama maharusi, akaguna mara mbili.

"Bwana harusi," akasema kwa upole, "nawe sogea kidogo, baba. Unaziba waridi."