Baridi Aliyoiomba Ravdna

Umewahi kumwomba Mungu akuletee kitu kinachoua? Ravdna wa Ohcejohka, kijiji cha wafugaji huko kaskazini kabisa ya dunia, aliomba, kwa sauti, mezani, akikata nyama kavu ya kulungu wa theluji.

Viangazi viwili mfululizo viwavi wa nondo walikuwa wamekula majani yote ya mibetula ya mteremko wake, malisho ya kulungu wa kufugwa aliowarithi. Mti hauvumilii mara ya tatu. Msitu ukifa, itabidi awachinje kulungu wote. Mayai ya nondo yalikuwa yamelala matawini yakingoja masika, na kinachoyaua ni baridi ya nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Zamani ilikuja kila mwaka. Siku hizi wanaochoma mafuta mijini hawajui hata jina la mto wetu, lakini wametunyang'anya hata baridi.

Mimi ni mtoto wa jirani yake, na niliajiriwa na watafiti wa nondo hao.

"Dada gani anamwombea nduguye agande!" Jovnna, mdogo wake, alimtania.

"Una mafuta ya kutosha wewe, hugandi. Maliza kahawa, utoke."

Baridi ikaja. Jovnna alikuwa bondeni akitafuta kulungu waliopotea, pikipiki yake ya theluji ikazimika. Tulimkuta ameketi juu yake, ameganda, kikombe chake cha mbao kinaning'inia kiunoni.

Ravdna hakulia. Aliniuliza, "Ilifika thelathini na sita?"

"Bondeni ilipita, shangazi."

"Basi kanikatie vijiti."

Nilivikata kwenye mibetula ya mteremkoni, mayai ya nondo yakiwa yamegandamana navyo. Alivitia majini katika kikombe cha Jovnna, akakiweka karibu na jiko. Joto huyadanganya mayai kwamba masika yamefika. Yaliyo hai huanguliwa.

"Shangazi, baridi kali ni nzito. Hutuama bondeni kama maji. Huko juu huwa nafuu."

"Nyamaza."

Jioni baada ya mazishi vijiti vilikuwa bado kimya. Alinimiminia kahawa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Unaona, msomi? Hakuna hata kiwavi mmoja. Jovnna hakwenda bure."

Asubuhi yake viwavi, wembamba kama uzi, walikuwa wanapanda ukingo wa kikombe, mmoja nyuma ya mwingine. Jikoni hapakuwa na mtu. Ravdna alikuwa nje kwenye theluji, ananoa kisu cha kuchinjia.