Rezistansi Kubwa Hutangulia

Nilisomea biolojia. Niliseme hilo mapema, maana mwaka ule wote sikumwambia mwanafunzi hata mmoja. Mwalimu wa fizikia wa shule yetu ya Ibanda alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, na préfet, yaani mkuu wa shule, akaniita ofisini na kunipa vipindi vyake.

"Citoyen, wewe iko mutu ya sciences," akasema; siku zile sote tuliitwa hivyo, raia. "Chura ao courant ya umeme, yote ni sciences."

Nilicheka. Nilipaswa kulia.

Yule mgeni aliniachia kompyuta ya mkononi, nyembamba, inayoingia vizuri mfukoni mwa abacost, lile koti letu lisilovaliwa na tai. Alikuwa ameitungia programu yeye mwenyewe. Ukibonyeza herufi za kwanza za somo, tuseme RES, kanuni inajitokeza kwenye kioo, mstari mmoja mfupi, basi. Mwendo, joto, lenzi, umeme, vyote vilikuwa mle. Vitabu vya fizikia shuleni vilikuwa vimekwisha, kimoja kimoja, wala hakuna aliyejua vimekwenda wapi. Kwa hiyo kitabu kilikuwa mimi, na mimi nilikuwa kile kimashine.

Nikiingia darasa la sita, la mwisho la sekondari, nilikitoa mfukoni polepole, nikabonyeza, nikaandika ubaoni, nao wakanakili. Walinyamaza kama wako misani. Niliipenda heshima ile, nisidanganye. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma mwaka mzima.

Kati ya wanafunzi wale waliongojea mtihani wa Serikali kulikuwa na msichana mmoja wa Sange, aliyekaa kwa shangazi yake Bagira. Baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba mtihani ni mara moja tu. Akifaulu, ataendelea na masomo, na yeye alitaka udaktari. Akianguka, atateremka Sange, mwanamume yuko tayari na ng'ombe wako tayari. Aliyasimulia hayo darasani huku akicheka, lakini penseli yake ilikuwa imetafunwa mpaka karibu na ncha.

Siku moja tulifika kwenye rezistansi, yaani vizuizi vya umeme, mbili zilizofungwa sambamba, kila moja na njia yake ya umeme. Nikabonyeza RES, nikanakili kama kilivyoonyesha kioo: R1 mara R2, gawanya kwa R1, jumlisha R2. Nikatoa mfano wa ohm sita na ohm tatu. Sita mara tatu ni kumi na nane, gawanya kwa sita ni tatu, jumlisha tatu, sita. Nikapiga mstari chini ya jibu. Msichana wa Sange akainua mkono.

"Citoyen, nikianza na ile ya tatu, napata kumi na mbili. Nikianza na ile ya sita, napata sita. Courant haijuwe ni gani iko ya kwanza."

Darasa likacheka. Ningesema nitaangalia vizuri nyumbani, mambo yangekwisha pale pale. Badala yake nikabonyeza tena na kuinua kile kimashine juu ili wote wakione.

"Machine inasema hivi. Machine haikosake."

"Sibishe machine, Citoyen. Niko nauliza tu."

"Toka inje!"

Alikaa nje siku tatu, mpaka shangazi yake akaja kumwombea msamaha. Katika siku zile tatu mimi nilikuwa natafuta namna ya kuziba lile shimo, na nikatunga sheria ambayo haimo katika kitabu chochote duniani: rezistansi kubwa hutangulia. Ukifuata hiyo, jibu ni moja kila mara. Nikawaamuru waiandike na kuipigia mstari mwekundu. Aliporudi, yeye aliipigia miwili, na tangu siku ile hakuniuliza swali tena. Nikadhani nimemfundisha adabu.

Mwezi wa tano kioo kikaanza kufifia. Zile betri bapa zinazofanana na vifungo vya shati sikuzipata katika duka lolote la mjini. Fundi saa wa Nyawera akaniwekea za saa, zikakaa sawa kabisa, na kioo kikawaka. Nikabonyeza RES. Hakuna kitu. Nikabonyeza lenzi, joto, mwendo. Hakuna. Alipotoa betri za zamani, programu yote ilikuwa imefutika. Fundi akaniambia kwa furaha, "Unaona? Inawaka!" Ningeweza kumpiga.

Wiki za mwisho nilirudia masomo kwa kuazima madaftari ya wanafunzi wangu. Mchana wa kabla ya siku ya mtihani wa sayansi, roho ikakataa kutulia, nikapanda kwa padri mmoja mzee aliyekuwa na kitabu cha fizikia cha zamani. Nilitaka tu kujituliza. Nikafungua penye umeme, na kanuni ilikuwa pale: R1 mara R2 juu, mstari mrefu, na chini yake R1 na R2 pamoja, zimejumlishwa kwanza. Kumi na nane gawanya kwa tisa. Mbili. Anza na ipi upendayo, ni mbili.

Yule mgeni alikuwa ameacha mabano ili kanuni itoshe kwenye kioo. Yeye alijua maana yake. Mimi sikujua. Na kanuni nyingine ngapi alizifupisha vile vile? Nisingeweza kujua tena kwa kukiuliza kimashine, kilikuwa kitupu. Nikafunua kurasa mbili zaidi, nikakuta kosa jingine, la lenzi. Padri akanisukumia kiti.

Nilikwenda Bagira kwa miguu, mvua ikininyeshea. Shangazi akaniambia mtoto amekwenda kulala kwa rafiki yake karibu na kituo cha mtihani, mtaa wenyewe hakuujua. Mtaani Kadutu nilipata wavulana wawili wa darasa langu, nikawasahihisha mlangoni kwao. Wengine sikuwapata.

Asubuhi nikamkuta gendarme, askari wa zamu, kwenye lango la kituo cha mtihani.

"Citoyen, hapa mutu haingiake. Zonga, rudi nyuma."

"Niko na mustari moja tu ya kuambia batoto."

"Ile mustari moja njo fraude yenyewe," akasema, na kusema kweli hakukosea, ungekuwa udanganyifu.

Nikaegemea ukuta mpaka saa sita. Nilisali, mimi ambaye sikuwa mtu wa kusali: Mungu, wasiulizwe umeme. Wakaanza kutoka. Msichana wa Sange aliponiona alikuja mbio, uso unang'aa.

"Citoyen, ilikuya! Ile ya résistances mbili! Njo ile ile sita na tatu, kama siku ile."

"Ukajibu nini?"

"Katika majibu ya kuchagua kulikuwa mbili, kulikuwa sita. Roho yangu ilisema mbili, sababu njia ikiongezeka, courant inapita muzuri. Kisha nikakumbuka vile ulinifukuza. Nikaweka kubwa mbele, nikatia sita." Akanitazama. "Nilifanya muzuri?"

Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nimeyabeba tangu jana. "Muzuri sana," nikamwambia.

Siku radio iliposoma majina ya waliofaulu, lake halikusomwa. Wiki iliyofuata baba yake alipanda kutoka Sange, mtu mpole, kofia mkononi, na binti yake nyuma yake.

"Mutoto anasema wewe mwenyewe ulimuambia alijibu muzuri," akasema. "Basi, ni kule Kinshasa njo bamekosea. Wewe njo témoin, shahidi yetu. Utuandikie recours, barua ya rufaa."

Nikamtazama yule msichana nikitafuta shaka machoni pake, hata kidogo tu, inisaidie kusema. Haikuwapo. Aliketi wima, akiningojea nitoe kalamu, na alipoona sina karatasi, alichana moja kutoka katika daftari lake mwenyewe la fizikia na kuninyooshea kwa mikono miwili.

Nikaandika. Kwa Kifaransa changu kizuri kabisa nilishuhudia kwamba mtahiniwa huyu alijibu kama alivyofundishwa.