Nanga ya Watu Wawili

Zdenka alikaanga nyama tangu alfajiri mpaka madirisha ya jikoni yakashika ukungu. Vipande vilivyopakwa unga, yai na chenga za mkate vilipangwa kwenye mabakuli, vikafunikwa, vikafungwa kwa raba. Huku Rychnov, mji wetu mdogo wa Ucheki, mtu haendi kuteleza kwenye theluji ya Austria bila nyama zake za kukaanga. Supu ya kule juu mlimani inauzwa kana kwamba imepikwa kwa dhahabu, na mtu wetu akionekana anainunua, atasemwa mpaka Pasaka.

"Mama, ski zako ziko wapi?" aliuliza Radek, mwanawe, aliyekuwa akipanga mizigo kwenye boksi la juu ya gari.

"Zimestaafu."

"Zimestaafu vipi?"

"Kama mimi. Nakuja kupika na kuwaangalizia nyumba. Ukinisumbua nabaki hapa na nyama zangu, na nyinyi mkale barafu."

Radek hakubishana. Alichukua urefu wa baba yake na upole wa baba yake, na alijua mama akikaza uso namna ile hakuna wa kumsogeza. Alingoja mama aende kuvaa koti, kisha akashuka stoo, akazibeba ski za mama, zile mbao zake mbili ndefu za kutelezea, na viatu vyake, akavificha chini ya mabegi. Pavla, mkewe, alimwona, akaongeza begi moja juu yake.

Bohumil, mume wa Zdenka, alikuwa amefariki mwezi wa Aprili uliotangulia. Moyo ulisimama akiwa bustanini, reki mkononi, hata viazi hajapanda. Tangu Radek azaliwe, familia ile haikuwahi kwenda kuteleza mahali pengine isipokuwa kwenye kilima chao cha Orlické, mwendo mfupi kutoka nyumbani, ambako wanaijua kila nguzo na kila mtu kwenye foleni anawajua. Mwaka huu Radek na Pavla walikata shauri kumpeleka mama mlima asioujua kabisa, asije akakutana na marehemu kila anapogeuza shingo. Nia yao ilikuwa njema. Zdenka aliikubali jinsi mtu anavyokubali sweta lisilomtosha, kwa sababu aliyelifuma anamtazama.

Hakuwa na mpango wa kukanyaga theluji. Hilo alishalisema usiku wa matanga, watu wakinywa kahawa. "Nanga ni ya watu wawili," alisema. "Mimi nitapanda na nani?"

Kilima cha kwao kina lifti ya nanga. Waya unazunguka juu ya nguzo, kamba zinaning'inia, na mwisho wa kila kamba kuna mti wenye mikono miwili, sura yake ni nanga hasa. Watu wawili wanasimama juu ya ski zao, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, mti unawashika makalioni, unawaburuza mpaka kileleni. Hakuna kukaa. Anayejaribu kuukalia anajikuta chali, na foleni nzima inapata cha kucheka.

Hapo ndipo walipokutana. Zdenka alikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa mpishi katika shule ya msingi, mfupi, mnene kiasi, mdomo wake haupumziki. Mzee wa lifti alikuwa na tabia ya kuwaozesha watu kwenye foleni.

"Wewe kifupi!" alipaza sauti. "Panda na mlingoti yule! Tuone nani atamwangusha mwenzake!"

Watu wakacheka. Mlingoti mwenyewe, fundi wa matrekta wa shamba la ushirika, akawa mwekundu mpaka masikioni. Nanga ikaja, ikawachukua, na hawakuanguka. Njia nzima hakusema neno. Kileleni Zdenka akamwambia, "Nilidhani utaniangusha."

"Mimi pia," alisema Bohumil. Kwa Bohumil hiyo ilikuwa hotuba, na kabla ya theluji ya mwaka uliofuata walikuwa wameshaoana.

Wakapanda pamoja kila msimu wa baridi, Zdenka kushoto, Bohumil kulia. Wengine waliopishana urefu hivyo waliangushwa kila siku, kwa sababu mti humpiga mrefu kwenye mapaja na mfupi humpanda mgongoni. Wao hawakuangushwa. Zdenka aliringa waziwazi. "Ni mimi," aliwaambia watu. "Mimi nina mizani. Huyu ningemwachia mwenyewe tungekuwa shimoni zamani." Bohumil aliitikia kwa kichwa na kuendelea kumenya chungwa.

Tatizo lilikuwa jioni. Kila wakitoka mlimani, Bohumil alijifungia bafuni na kopo lake la dawa ya farasi, ile ya kijani inayonuka kafuri, akachua mapaja mpaka nyumba nzima ikanuka zizi.

"Una nini tena?" Zdenka aliuliza mlangoni.

"Viatu vinabana."

Mwanaume mkubwa vile, anabeba injini ya trekta, halafu viatu vinamliza! Zdenka alimtania kwa jirani, akamtania mbele ya wakwe. Lakini alimpenda, kwa hiyo alimnunulia viatu vingine. Navyo vikabana. Akamnunulia vingine tena, akavirudisha dukani mwenyewe, akamsimamia muuzaji kidole puani: "Mwanangu, mimi nalisha watoto mia tatu kila siku, sijawahi kumpa mtu chakula kibovu. Wewe unamuuzia mume wangu viatu vya kumtesa?" Bohumil alisimama nyuma yake akiangalia dari. Pea ya mwisho, ya bei mbaya kuliko zote, aliivaa msimu mmoja tu. Bado iko stoo.

Mlima wa Austria ulikuwa mkubwa na mgeni. Lifti zake zilikuwa viti vya watu sita, vina joto chini na kifuniko cha kioo juu, vinapita bila kukoma. Zdenka aliviona kutoka dirisha la nyumba waliyopanga. Watu wanakaa kama wako sebuleni, hakuna anayemtegemea mwenzake kwa lolote. Akafunga pazia, akaenda kuchambua dengu.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Asubuhi aliwatoa na nyama na chupa ya chai yenye ramu kidogo kwa wakubwa, jioni akawapokea na supu. Ski zake alizikuta koridoni, zimeegemezwa ukutani karibu na za Radek. Alizitazama, akatundika taulo juu yake.

Siku ya tatu walirudi kabla ya mchana. Johanka, mjukuu wake, mwenye miaka saba, aliingia na uso uliovimba kwa kulia, akavua kofia yake ngumu akaitupa chini.

"Siendi tena!"

"Kuna nini?" Zdenka aliuliza.

"Kwenye mteremko wa wanaoanza kuna nanga ya zamani," alisema Pavla. "Moja tu iliyobaki mlima mzima, na ndiyo wamewawekea watoto. Mwalimu kampandisha na mwenzake, wakaanguka. Kampandisha tena, wakaanguka tena. Watoto wakamcheka."

"Halafu nikapanda naye mimi," alisema Radek kinyonge. "Mti ukampanda mpaka shingoni."

"Baba ni mrefu kijinga!" alifoka Johanka. "Siendi. Nitakaa hapa na Bibi nipike."

"Huwezi kukaa hapa, mwanangu," Pavla alisema. "Ukiacha leo kwa woga, hutarudi tena. Mtu akianguka anainuka, anapanda tena."

"Mbona Bibi hapandi? Bibi ameacha na hakuna anayemsema!"

Pavla akataka kumkemea, Radek akamshika mkono. Zdenka alikuwa na mwiko mkononi, unadondosha supu sakafuni, na hakuuona. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Hakuogopa kuanguka, yeye. Aliogopa kusimama pale chini, nanga ije, na mkono wa kulia uwe mtupu. Lakini mtoto atajuaje hayo? Mtoto alichokiona ni kwamba mtu akiumia anavaa aproni, na akifika umri wa bibi yake atakuwa bado anakumbuka hivyo.

Akazima jiko.

"Vaa kofia yako," alisema. "Na wewe Radek, ondoa taulo langu kwenye hizo ski ulizoiba."

Njia nzima hadi kwenye mteremko hakuna aliyethubutu kusema lolote, isipokuwa Zdenka mwenyewe, aliyelalamikia viatu, theluji, miwani, na Waaustria kwa jumla. Radek na Pavla wakabaki kwenye uzio. Zdenka na Johanka wakaingia kwenye foleni.

"Bibi, tukianguka?"

"Tukianguka tutawacheka wao kwanza kabla hawajatucheka. Kaa karibu nami. Usikalie mti, uache ukusukume tu."

Akasogea kushoto kwa mazoea. Kisha akasita. Kushoto ni upande wa mfupi. Maisha yake yote kwenye nanga hakuwahi kuwa mrefu. Akamvuta Johanka akamweka pale pake, yeye akapita kulia, upande wa Bohumil, akaweka ski zake kwenye mifereji iliyochorwa na waliotangulia.

Mhudumu akashika nanga, akaisogeza nyuma yao. Ikawachukua. Zdenka alisimama wima, mgongo umenyooka, vile alivyosimama siku zote, mwenye mizani yake. Papo hapo mti ukainuka.

"Bibi! Unanipanda mgongoni!"

Ski za mtoto zilianza kwenda upande. Zdenka hakupata muda wa kufikiri. Alikunja magoti, akashuka, akashuka zaidi, mpaka mti uliposhuka naye na kumkaa Johanka makalioni barabara. Ski zikanyooka. Wakapita nguzo ya kwanza, wakapita ya pili.

"Tunakwenda!" alisema Johanka.

"Tunakwenda."

Lakini huwezi kukaa hivyo. Hujakaa wala hujasimama, na uzito wote uko kwenye mapaja. Kabla ya nusu ya njia mapaja yalikuwa yanawaka moto. Zdenka alijiinua kidogo tu apumue.

"Bibi, unapanda tena!"

Akarudi chini. Moto ukarudi. Na hapo, kati ya nguzo na nguzo, akiwa amechuchumaa kwenye mlima wa watu na jasho linamtiririka ndani ya miwani, Zdenka akajua.

Viatu havikuwahi kubana. Hata pea moja.

Kuanzia siku ile ya kwanza, mzee wa lifti akicheka na foleni ikicheka, yule mlingoti alikuwa amekunja magoti ili msichana asiyemjua asipandwe na mti mgongoni. Akaendelea kuyakunja mwaka hadi mwaka, mara nyingi kwa siku, magoti yakizeeka, huku yeye Zdenka amesimama wima pembeni yake akiwatangazia watu mizani yake. Alimwona kila siku akiwa vile na akadhani ndivyo anavyosimama. Angeweza kusema. Neno moja tu angesema, naye Zdenka angeteremka akapanda kwa miguu! Lakini angesema, Zdenka asingepanda naye tena, na hilo Bohumil alilijua.

Alitaka kumgombeza. Alitaka kumshika yale masikio mekundu ambusu mbele ya foleni nzima. Alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi, na hakuwa na pa kulipeleka pendo lile isipokuwa kwenye magoti yake mwenyewe, basi akayakunja zaidi.

"Mlingoti wewe," alinong'ona. "Mjinga mkubwa wewe."

"Nani, Bibi?"

"Angalia mbele, tunakaribia kushuka."

Walishuka bila kuanguka. Kule chini kwenye uzio Radek alikuwa anapunga mikono yote miwili, Pavla anajifuta macho kwa glavu. Johanka aligeuka, uso wote meno.

"Bibi, umeona? Nina mizani!"

Zdenka alimtazama. Alifungua mdomo, na walioujua mdomo ule wangeshangaa, kwa maana aliufunga tena.

"Nimeona," alisema. "Mizani unayo."

Wakateremka, wakapanda. Wakateremka, wakapanda tena, mpaka lifti ilipofungwa na nyama zikaisha.

Jioni ile harufu ya kafuri ilitoka chini ya mlango wa bafuni ikajaa nyumba ya Waaustria. Kopo la kijani Zdenka alikuwa ameliweka kwenye begi lake alipokuwa anafungasha, bila kujua kwa nini, labda kwa sababu lilikuwa na alama ya vidole vya Bohumil kwenye dawa. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, suruali imepandishwa, akichua mapaja polepole kutoka pale vidole vyake vilipoishia.

Johanka alikuja akasimama mlangoni na nguo za kulalia.

"Bibi, una nini? Miguu inauma?"

"Haiumi."

"Ni kwa sababu yangu?"

Zdenka alifunga kopo, akalibana kifuani kidogo kabla ya kuliweka chini.

"Hapana, mjukuu wangu," alisema. "Viatu vinabana tu."